Makosa Yangu ya Mafichoni Milioni Mia Nne na Kumi na Tano

Kasongo, Jumatano

Kwa Mama Régina, Mwenyekiti wa Chama cha Kadi ya Mtoto.

Nakala: wanakamati wote, mke wangu Soraya, baba mkwe, imamu wa mtaa wetu, na padri wa parokia, kwa kuwa naye siku hizi ananiangalia kwa huruma.

Kuhusu: kihesabio kilichonivunjia heshima

Mama Mwenyekiti mpendwa,

Baada ya salamu nyingi, na baada ya kukuulizia hali ya mguu wako, mimi Faradji Alimasi, mtengenezaji wa programu ya Tafuta, nakuletea malalamiko haya kabla ya kikao cha Jumamosi. Nimesikia kikao hicho kina jambo moja tu: kuitupa programu yangu, kunitupa na mimi pamoja nayo, na kurudi kwenye vile vitabu vikubwa ambavyo panya wamekula kurasa za herufi M yote. Nimejitahidi kuandika kwa unyenyekevu. Pale ambapo unyenyekevu umenishinda, naomba usome harakaharaka.

Sote tunaijua kazi ya Tafuta. Siku ya chanjo mama anafika na mtoto, kadi imeloa mvua au imetumbukia mtoni pikipiki ilipoteleza. Karani anaandika jina la mtoto, jina la mama na kijiji, na programu inatafuta katika watoto elfu mia mbili na arobaini tuliowanakili kutoka vitabu vya Kasongo na Kabambare mpaka Salamabila. Na kwa kuwa kila muuguzi ana namna yake ya kuandika, mimi mwenyewe, bila kuombwa na mtu, niliifundisha programu kujaribu kila namna: Faradji, Faraji, Faradja, Farazi, Célestine, Selestine, Selesitina. Sijawahi kusikia mtu akinishukuru kwa hilo, basi nimejishukuru hapa.

Nakubali kwamba jina moja linachukua karibu dakika tatu. Nakubali pia kwamba betri ya jua inaishiwa mapema mchana, na akina mama walio mwisho wa benchi huambiwa warudi kesho. Ndiyo sababu kamati ilimwita Injinia Gérard aje kupima. Alikuja, akakaa saa mbili, akawasha vihesabio, yaani mashine ndogo za kuhesabu zilizojengwa ndani ya prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta. Vinahesabu jinsi ubongo huo unavyochukua vitu kwenye kumbukumbu. Kisha akaacha karatasi moja ya Kifaransa, akapanda pikipiki kwenda Salamabila, na simu yake haijapatikana tena. Tangu siku hiyo sina raha. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Nimehukumiwa kwa tafsiri.

Karatasi iliandika: «défauts de cache: 415 000 000». Katibu wetu Zéphirin, ambaye Kifaransa chake ni cha barua za rambirambi, alisimama mbele ya mkutano mzima akatafsiri neno kwa neno. Défaut, kosa. Cache, mafichoni. Akasoma kwa sauti ya kutangaza msiba: «Bwana Faradji alikutwa na makosa ya mafichoni milioni mia ine na kumi na tano.» Mama mmoja aliyekuwa karibu yangu akasogeza kiti chake.

Mama Mwenyekiti, katika kompyuta hayo si maficho. Ni rafu ndogo iliyo karibu na mkono wa prosesa. Kitu kikiwa kwenye rafu, kinachukuliwa mara moja. Kikikosekana, inabidi kwenda kukitafuta depo, nyuma kabisa, na kazi inasimama ikingoja. Kilichohesabiwa ni huko kukosekana. Nilisimama nikaeleza hivyo hivyo: ni kukosa tu, kukosa kitu kwenye rafu. Mzee Bruno akajipiga goti kwa furaha: «Si munasikia? Mwenyewe anasema. Amekosa!» Watu wakapiga makofi. Niliketi, maana kila neno nililokuwa nalo la kujitetea lilikuwa lilelile la kukiri.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mke wangu Soraya hakupiga kelele. Aliweka bugali mezani bila mboga ya sombe, akakaa mbele yangu, akaniambia: «Baba Heri, mimi sitaki yote. Unitajie moja tu. Ile ya kwanza.» Ni kazi ngumu sana kumshawishi mke kwamba una makosa milioni mia nne na hukumbuki hata moja, na mpaka leo ninakula bugali kavu.

2. Kwenda depo kumekuwa dhambi kwangu peke yangu.

Mzee Bruno, aliyenishangilia, ana duka la sabuni, chumvi na betri pale sokoni. Rafu yake ina upana wa mikono miwili. Jumanne iliyopita nilikaa ng'ambo ya barabara kutoka saa mbili mpaka saa sita, nikamhesabia. Aliingia depo mara hamsini na tatu. Mara mbili alisahau alichokifuata. Mteja mmoja alingoja mpaka akanunua kwa jirani. Hakuna mkutano ulioitishwa, na mke wake anampikia kama kawaida.

3. Shahidi hakuwepo muda wote.

Nimesoma kitabu cha maelekezo cha vihesabio hivi mara tatu, tena kwa kamusi. Kompyuta yetu ni ya zamani, ina vihesabio vinne tu. Injinia Gérard alitaka kujua mambo kumi na mawili. Basi mambo hayo yakawekwa kwa zamu: manne yanahesabiwa kidogo, yanatoka, yanaingia mengine manne. Maana yake hayo makosa yangu yalitazamwa theluthi moja ya muda. Theluthi mbili hakuna aliyekuwa anatazama. Mwishoni hesabu ilichukuliwa, ikazidishwa kwa tatu, ikaandikwa kwa wino. Mwalimu anayekuja shuleni siku mbili kati ya sita akamwona mtoto wako amechelewa mara mbili, kisha akaandika mara sita, wewe Mama ungemwacha hivihivi?

4. Amekamatwa asiyehusika.

Karatasi inasema mkosaji mkubwa ni mstari wa 88 wa programu yangu. Mama, mstari wa 88 hauna kazi nyingine ila kuongeza moja. Hauendi rafuni, hauendi depo, haujui hata kama kuna depo. Anayekwenda ni mstari wa 87. Kitabu cha maelekezo chenyewe kinakiri kwamba kihesabio kinachelewa kidogo kupiga kelele, na kikigeuka kinamshika yule aliyesimama karibu. Ni kama kufika baada ya mayai kuanguka na kumshika aliyekuja kufagia. Naomba mstari wa 88 usafishwe jina hadharani.

5. Nimehesabiwa hata nilichofikiria tu.

Hili liliniumiza kuliko yote. Prosesa ina kiherehere. Kabla haijaambiwa njia ya kufuata, inabahatisha, inaanza kazi, inatuma watu depo. Ikigundua imebahatisha vibaya, inaitupa kazi ile kama haikutokea. Lakini ile safari ya depo huenda ikawa imekwisha kuandikwa. Yaani kati ya makosa yangu yamo ambayo sikuyatenda, ambayo mashine ilifikiri kwamba huenda ningeyatenda. Nilikwenda kumwuliza imamu kuhusu jambo lililofikiriwa likaachwa. Nilimwuliza na padri, kwa usalama. Wote wawili walinituliza. Sasa nauliza kamati: kama hao wawili wamekubaliana juu ya jambo, nani amekipa kihesabio ruhusa ya kukaza zaidi yao?

6. Nimebebeshwa mizigo ya katibu.

Wakati Injinia Gérard anapima, Zéphirin alikuwa kwenye kompyuta hiyohiyo, kwenye kona ya skrini, akitazama video za muziki, spika imezimwa. Nilimwona midomo ikicheza. Rafu ni moja kwa wote. Kila mcheza ngoma aliyeingia kwenye rafu alimtoa mtoto mmoja wa Kabambare, na mimi nikaandikiwa kosa la kutomkuta. Siombi makosa yote apewe Zéphirin. Naomba apewe milioni mia mbili hivi, kwa kuanzia, na mke wake aarifiwe kwa tafsiri ileile.

7. Nilitubu kama nilivyoagizwa, na mambo yakaharibika.

Kamati iliniandikia kwamba katika kila mara mia programu inapotazama rafu, mara sitini na moja inakosa, na nikapewa wiki moja kushusha kiwango hicho. Nilitii. Niliongeza mahali ambapo programu, ikishampata mtoto mmoja, inamtazama tena na tena mara ishirini bila kazi yoyote, kwa sababu tu yupo pale kwenye rafu na hawezi kukosekana. Nilipopima mwenyewe, kiwango kilishuka kutoka sitini na moja mpaka tatu kwa mia. Makosa yenyewe hayakupungua hata moja. Yalifunikwa na wema mwingi usio na maana. Mlipiga makofi. Wewe mwenyewe Mama ulinishika mkono. Lakini kutafuta jina kulitoka dakika tatu kukawa dakika nne.

Siku ya pili yake alikuja Mama Célestine kutoka ndani ya Kabambare. Siku mbili juu ya pikipiki, mtoto amefungwa mgongoni, udongo mpaka kwenye nyusi. Alikuwa wa mwisho kwenye benchi. Zamu yake ilipofika, betri ilizimika jina lake likiwa nusu. Hakugomba. Alimfunga mtoto upya, akasema, «Haizuru, nitalala kwa shangazi,» akainuka. Nilijifanya natengeneza waya ili asinione uso. Niliona haya, Mama Mwenyekiti, na haya hiyo haikuwemo kwenye karatasi ya Injinia.

Kwa sababu hizo zote naomba, kwa heshima, mambo yafuatayo. Kwanza, karatasi ile ifutwe, na neno «mafichoni» lisitumiwe tena kuhusu mtu mwenye familia.

Kama hilo haliwezekani, kihesabio kiletwe mbele ya kikao kiapishwe. Kisipoweza kuapa, basi nipewe haki ya kujibu kosa moja moja, kwa dakika moja tu kila moja, ili nisiwachoshe. Nimekwisha piga hesabu. Bila kula, bila kulala, bila kusali, tutamaliza baada ya miaka mia saba na themanini na tisa. Niko tayari. Naomba tu kikao kianze saa mbili kamili, si kama kawaida.

Kama hilo nalo ni zito, basi haki iwe kwa wote. Kila mwanakamati afungwe kihesabio chake. Kihesabu mara ambazo Mama Mwenyekiti anaingia jikoni akasimama katikati akijiuliza amefuata nini. Kihesabu mara ambazo Zéphirin anafungua kabati la mihuri wakati muhuri uko mkononi mwake. Kihesabu na yale tuliyoyafikiria tukayaacha, tena kwa zamu, kisha tuzidishe kwa tatu, na matokeo yasomwe sokoni siku ya Jumamosi kwa Kiswahili cha katibu. Baada ya hapo tuone ni nani katika Kasongo hii atakula sombe.

Na kama kamati haitaki lolote kati ya hayo, basi naomba idhini ya kufungua kompyuta kwa bisibisi na kuving'oa vihesabio vyote vinne. Programu itabaki na kasi yake ileile, lakini hakuna atakayejua, na amani itarudi nyumbani kwangu.

Nisalimie wanakamati wote, hata Mzee Bruno. Nisalimie wauguzi, makarani, mlinzi wa paneli za jua, na akina mama wote wa benchi. Mwambie binti yako kwamba ile simu yake nimeitengeneza, aje aichukue. Mguu uupake mafuta ya moto asubuhi.

Wako mtiifu, niliyeonewa na hesabu,

Faradji Alimasi

Nyongeza. Mama Mwenyekiti, barua hii ilikuwa imekwisha kufungwa. Nilimpa Soraya nakala yake kwanza, nikitumaini kwamba akifika lalamiko la tano atalia. Hakulia. Aliruka malalamiko yote saba, akarudi kwenye ile namba, akageuza karatasi na kuanza kugawanya kwa kalamu, kama anavyofanya sokoni anapokata vitenge. Aligawa milioni mia nne na kumi na tano kwa watoto elfu mia mbili na arobaini. Akapata elfu moja mia saba na ishirini na tisa, na kidogo juu. Akaniuliza: «Baba Heri, ndani ya hii programu yako, iko kitu gani unamufanyia kila mutoto mara elfu moja mia saba makumi mbili na tisa?»

Nilitaka kumjibu kwamba hakuna. Kisha nikakumbuka jina alilopimia Injinia. Jina la mtoto lina namna kumi na mbili za kuandikwa. Jina la mama, kumi na mbili. Kijiji, kumi na mbili. Ukizizidisha zote unapata elfu moja mia saba na ishirini na nane. Programu yangu ilikuwa inachukua namna ya kwanza ya kuandika, inawazunguka watoto wote mpaka wa mwisho, inarudi, inachukua namna ya pili, inaanza tena kwa mtoto wa kwanza, ambaye rafuni hayupo tena kwa sababu wenzake wamekwisha kumsukuma. Hivyo hivyo mara elfu moja na mia saba, na kila mara safari ya depo kwa kila mtoto. Kihesabio kilichokaa nje theluthi mbili ya muda, kikachelewa, kikasumbuliwa na ngoma za Zéphirin, kilikosea moja tu.

Tulikaa wawili tukageuza mistari minne. Sasa programu inamwendea kila mtoto mara moja, na akiwa bado mkononi inamwuliza namna zote za majina kwa mkupuo. Ile hesabu imeshuka mpaka elfu mia mbili na arobaini na kitu, yaani safari moja kwa kila mtoto. Ule utazamaji wa bure niliouongeza ili mnipigie makofi nimeufuta. Leo asubuhi Mama Célestine alirudi kutoka kwa shangazi yake. Jina la mwanawe lilitokea kabla hajaketi, chanjo zake mbili za kwanza zimeandikwa wazi, na alikuwa na muda wa kupata pikipiki ya kurudi siku hiyohiyo.

Kwa hiyo tafadhali usimpe mtu bisibisi. Zéphirin alitafsiri vibaya, lakini alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi. Kosa lilikuwepo. Lilikuwa moja, langu, na halikuwa mafichoni kabisa: ukirudi mwanzo wa barua hii utaona nimejishukuru kwalo. Lile moja ambalo Soraya aliomba nimtajie, nimekwisha kumtajia. Jumamosi nitakuja mapema niwatajie na ninyi, na kama akina mama wa benchi wanaweza kuitwa, naomba waitwe, kwa sababu wao ndio waliolingoja.